Kenya Iliwahi Kuendeshwa Kama Kampuni. Ilifungwa.

Hii posti itanikosanisha na mabeste zangu wawili na jirani mmoja, lakini wacha iende.

Kuna maneno nimechoka kusikia. Ukiketi kwa kinyozi hapa Matasia utayasikia. Ukipanda matatu ya kwenda Kiserian, kuna mzee atayasema bila hata kuulizwa: "Hii nchi inataka kuendeshwa kama biashara. Tutafute CEO, wanasiasa wametosha." Na gari nzima inatingisha kichwa, hadi makanga.

Mimi pia nilikuwa natingisha. Halafu ikaja ile maneno ya kisima.

Kwa wale hamjui kwetu, Matasia iko chini ya vilima vya Ngong, kati ya Ngong na Kiserian. Ukiona zile picha watu hupiga huko juu, upepo na mitambo ya stima, unaweza kudhani sisi tunakunywa maji ya chemchemi. Zii. Maji kwetu ni mtungi wa lita 20, ni mkokoteni wa punda, ni gari la maji unalipigia simu Jumatatu linakuja Alhamisi. Kwa hivyo miaka kadhaa nyuma wazazi wetu walichanga wakachimba kisima cha mtaa. Kamati ikachaguliwa. Kamati ikafanya kazi ambayo kamati hufanya: pampu ikaungua, daftari likapotea, na mweka hazina akaanza kusali kanisa lingine.

Mwaka wa 2022 watu wakachoka. Wakasema tulete mtu wa biashara. Jina lake sitaji, tumwite Bosi. Ana hadiwea, ana malori, na si mwizi. Hiyo naomba ieleweke vizuri kabla muanze kunirukia: Bosi si mwizi. Ndani ya miezi mitatu maji yalikuwa yanatoka kila asubuhi. Bei iko kwa ukuta, risiti unapewa, ile foleni ya saa kumi alfajiri ikaisha. Mathe alimwombea kwa jina.

Halafu Bosi akapiga hesabu. Kulikuwa na bomba moja linashuka hadi bondeni, nyumba kumi na moja. Bomba refu, linavuja, wateja wachache, na wengi wao hulipa wakichelewa. Upande huo ulikuwa unakula pesa kuliko unavyoleta. Akaufunga. Alibandika notisi safi tu, yenye mhuri.

Kwa hizo nyumba kumi na moja, moja ni ya shosho yangu.

Nilienda kumwona. Alinikaribisha vizuri, akanitumia soda, akanifungulia daftari. Akaniambia, "Kijana, hesabu haina shosho." Na unajua kitu kiliniuma? Hesabu yake ilikuwa sawa. Niliikagua mara mbili nikitafuta makosa, sikupata. Nilitoka hapo nimeshiba soda na sina jibu. Tangu siku hiyo, Jumamosi zangu zote naanza kwa kushusha mitungi bondeni.

Ilinichukua muda kuelewa tulipokosea. Sisi tulidhani tumemwajiri mtu wa kuhakikisha kila nyumba ina maji. Yeye alijua ameajiriwa kuhakikisha kisima hakipati hasara. Hizo kazi mbili zinafanana siku nyingi sana, hadi siku moja zinaachana, na siku hiyo ndiyo unajua ulimpea mtu kazi gani.

Sasa Bosi anataka kuwa MCA 2027. Kampeni yake unaijua tayari: wodi iendeshwe kama biashara. Na mabeste zangu wawili wako kwa timu yake.

Ndio nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mahali nchi iliwahi kuendeshwa kama kampuni, kabisa kabisa, yaani kampuni ndiyo serikali. Nilidhani nitapata Dubai ama Singapore. Nikapata sisi.

Kama umewahi kupanda basi ya Mombasa, umepita mahali panaitwa Mackinnon Road, pale kando ya reli kwenye ule msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah. Umewahi kujiuliza huyo Mackinnon ni nani? Mimi sikuwahi. Nilidhani ni jina la steji.

William Mackinnon alizaliwa 1823 huko Campbeltown, Uskochi. Hakuzaliwa tajiri. Alianza kwa kazi ya duka la vyakula, na 1847 akaenda India, akaungana na mtu waliyesoma naye, wakaanza biashara ya kusafirisha mizigo pwani. 1856 akaanzisha kampuni ya meli ya kubeba barua kati ya Calcutta na Burma, ile ambayo baadaye, 1862, iliitwa British India Steam Navigation. Ikakua hadi ikawa kati ya kampuni kubwa za meli duniani.

Hadi hapo ni ile stori mnapenda. Msee wa duka, akajituma, akatoboa. Mtu angemwekea muziki wa kuhamasisha nyuma na kusema "usikate tamaa."

Lakini angalia hizo meli zilikuwa zinabeba nini. Barua za serikali. Mkate wake mkubwa ulikuwa mikataba ya posta, serikali inamlipa ili meli zipite mahali fulani kila baada ya muda fulani, abiria wawepo wasiwepo. Kwa Kiswahili cha kwetu: tenda. 1872 akapata tenda ya barua kati ya Aden na Zanzibar, na hapo ndipo akajuana na Sultan Barghash. Ukisikia mtu anasema yeye ni wa biashara na hategemei serikali, kwanza uliza malori yake yanabebea nani mchanga.

Mackinnon akaanza kuitazama hii bara yetu. Karibu 1878 alijadiliana na Sultan apewe aisimamie, mazungumzo yakakwama. Hakuacha. Mei 1887 Barghash akakubali kumkodishia utawala wa sehemu ya pwani, na Septemba 1888 Malkia Victoria akatia muhuri: Imperial British East Africa Company. Kwa bodi wakaingia wakubwa, mmoja akiwa Sir John Kirk, aliyewahi kuwa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar kwa miaka mingi. Jana alikuwa ofisini mwa serikali anaongea na Sultan, leo yuko kwa bodi ya kampuni iliyopewa nchi na Sultan. Kama hii inakukumbusha mtu unayemjua, hiyo ni yako, mimi sijasema.

Elewa hiyo kampuni ilikuwa na uwezo gani. Ilikusanya ushuru bandarini Mombasa. Ilikuwa na mahakama. Ilikuwa na askari. Ilitoa sarafu zake na stempu zake. Mwenyekiti wa bodi London ndiye alikuwa, kwa njia fulani, rais wetu wa kwanza, na hakuna mtu hapa aliyemchagua wala kujua sura yake.

Nitakuwa mkweli, juu sitaki mtu aje kwa komenti aseme nimeficha. Mwanzo ulikuwa na mazuri. Januari 1889, pale Rabai, mtu wa kampuni aliyeitwa George Mackenzie aliwapa vyeti vya uhuru zaidi ya watumwa elfu moja waliokuwa wametoroka na kujificha kwa misheni, na mabwana zao wakalipwa fidia. Kampuni ikaanza barabara kutoka pwani kwenda bara, ile iliyobaki na jina lake. 1890 ikaanza hata reli. Reli hiyo ilifika maili kama saba hivi, ikaishia porini. Kwa hivyo wale hucheka SGR iliishia Suswa, jueni hii tabia ya reli kukosa pumzi njiani ilianza kitambo.

Sasa kujeni karibu na kwetu. Oktoba 1890 nahodha wa kampuni, Frederick Lugard, alifika Dagoretti. Dagoretti, hapa tu, ukitoka Matasia upite Ngong uendelee. Misafara yote ya kwenda Uganda ilikuwa inapita upande huu wa Ngong kununua chakula, juu ukishavuka kuingia bonde la ufa, chakula ni shida. Lugard akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome, akaendelea na safari yake. Alioacha nyuma, wapagazi na askari wa kampuni, wakaanza kupora mazao na kusumbua wanawake. Watu wakakataa. Ngome ikaachwa, ikateketezwa. Mwaka uliofuata kampuni ikajenga nyingine kubwa zaidi, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa humo na kupigwa, akaanza kupelekwa pwani. Hakufika. Alikufa Kibwezi.

Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi, na kinachonikaa kichwani ni hiki: Waiyaki angeshtaki wapi? Mwenye askari ni kampuni. Mwenye mahakama ni kampuni. Kiapo alikula na mfanyakazi wa kampuni ambaye kazi yake ilishampeleka mahali pengine. Ukikosewa na duka unaenda kwa chifu. Duka likiwa ndilo chifu, unaenda wapi?

Lugard akaenda Uganda, akampata Kabaka Mwanga, akapata mkataba. Januari 1892 vita vikazuka Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na Lugard akaupa upande wa Waprotestanti bunduki, yeye mwenyewe akiwa na bunduki ya Maxim. Watu wakafa, nyumba zikachomwa. Na wakati haya yote yanatokea, unajua bodi London ilikuwa imeshaamua nini? Kuondoka. Uganda ilikuwa inakula pesa kuliko inavyoleta. Ile amri ya kufunga ilikuwa imeshatoka 1891, na waliyoichelewesha ni waumini wa kanisa Uingereza waliofanya harambee kubwa kuipa kampuni pesa ibaki mwaka mmoja zaidi. Harambee, wasee. Kampuni ya watu matajiri ilichangiwa sadaka ili isiache watu ambao ilikuwa imewachochea wapigane. Mwisho wa Machi 1893 ikatoka, serikali ya Uingereza ikaingia kuokota vipande.

Bomba la bondeni. Notisi safi, yenye mhuri.

Mackinnon alikufa Juni mwaka huo huo, 1893. Miaka miwili baadaye, 1895, kampuni ikauza kila kitu kwa serikali ya Uingereza kwa pauni 250,000. Wanahisa walilalamika kwamba hawakurudishiwa hata pesa walizoweka. Na hapa mketi chini: kati ya hizo pauni 250,000, pauni 200,000 zilitoka kwa hazina ya Sultan wa Zanzibar. Sehemu kubwa ya pesa za kuilipa kampuni iondoke pwani yake zilikuwa zake. Ni kama umpangishe mtu nyumba, aiharibu, halafu umlipe wewe ili ahame, na akihama anampea jirani funguo.

Tarehe 1 Julai 1895 tukawa himaya ya Uingereza rasmi. Hivyo ndivyo nchi yetu ilizaliwa. Ilizaliwa kwa biashara iliyopata hasara.

Sasa kuna komenti najua inakuja, wacha niijibu mapema: "Hiyo ilikuwa ukoloni, si biashara. Wangekuwa wazungu wa serikali ingekuwa mbaya vilevile." Kweli, na serikali ya kikoloni iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi kwa mambo mengi. Muulize Mmaasai yeyote hapa Kajiado kuhusu mikataba ya 1904 na 1911. Simtetei mkoloni wa aina yoyote. Ninachosema ni kidogo na ni hiki: kampuni ina haki ya kuondoka. Hiyo ndiyo maana ya kampuni. Tawi lisipoleta faida linafungwa, na hakuna dhambi hapo. Supamaketi ikifunga tawi la Rongai, unaenda nyingine. Lakini serikali ikifunga tawi la bondeni, wewe unaenda serikali gani? Shosho ataamkia wapi?

Serikali ndiyo ofisi ambayo haina ruhusa ya kuangalia upande fulani na kusema "hawa hawalipi." Shule ya kule ndani Loitokitok haitawahi kuleta faida. Zahanati ya watu wachache haitawahi kuleta faida. Wewe mwenyewe, ukiwa na miaka mitano na homa, hukuwa unaleta faida.

Na usidhani hii ni stori ya meli za zamani. 2024 kulikuwa na ule mpango wa kuipea kampuni ya Adani uwanja wa ndege wa JKIA kwa miaka 30. Tuliambiwa ni ufanisi, ni mtaji, ni utaalamu. Wafanyakazi wakagoma Septemba, na Novemba rais akafuta mpango mbele ya Bunge baada ya Marekani kumfungulia Adani mashtaka. Mwaka uliofuata, huko huko Marekani, Elon Musk akaingizwa serikalini kuiendesha kama anavyoendesha kampuni zake. Kata hapa, funga pale. USAID ikavunjwa. Na wewe uko Kenya unadhani hiyo ni habari ya TikTok, hadi unasikia kliniki za dawa za ARV hapa hapa nchini zimefunga milango. Mwisho wa Mei 2025 Musk akatoka, akarudi kwa magari na roketi zake. Wale waliokosa dawa hawakuwa na mahali pa kurudi.

Unaona mtindo? Anayekuja kama bosi huondoka kama bosi.

Komenti ya pili pia naijua: "Kwa hivyo unataka wezi waendelee? Angalau mtu wa biashara anajua kazi." Hii ni ngumu zaidi, na siwezi kuipuuza, juu mimi nilishuhudia kamati yetu na lile daftari lililopotea. Kujua kazi ni kitu kizuri. Naitaka. Nataka mtu anayejua risiti ni nini.

Lakini hata hilo tumeshajaribu, na kwa watu wazuri. 1999 Moi alibanwa na wafadhili, akamweka Richard Leakey mkuu wa utumishi wa umma, na Leakey akaja na kile kikosi walikiita Dream Team. Walitoka kwa benki, kwa mashirika ya kimataifa, kwa makampuni. Mmoja alitoka hapa hapa Kajiado: Titus Naikuni, aliyekuwa anaongoza Magadi Soda, akawa katibu mkuu wa Uchukuzi na Mawasiliano. Hiyo Magadi Road unapigania nafasi ya matatu kila asubuhi, inaenda huko alikotoka. Walijua kazi, hakuna anayebisha. Maelfu ya wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa, vitabu vikapangwa. Machi 2001 Leakey akawa ametoka, na kikosi kikavunjika. Kwa nini iliisha rahisi hivyo? Kwa sababu hawakuletwa na sisi. Waliletwa na shinikizo la wafadhili na saini ya rais mmoja, na saini hiyo hiyo ikawatoa. Mwananchi alikuwa mtazamaji wakiingia na mtazamaji wakitoka.

Ufundi bila wa kumjibu ni kama gari zuri ambalo usukani uko kwa mtu mwingine. Litaenda vizuri sana, mahali ambapo hukutaka kwenda.

Kwa hivyo sisemi usimpigie mtu wa biashara kura. Mpigie, kama anafaa. Mimi nasema acha kumpigia kwa sababu ni wa biashara, kana kwamba hiyo peke yake ni sera. Akija mtaani kwenu na malori na fulana, muulize swali moja tu, na umwangalie machoni akijibu: "Upande wetu ukikuletea hasara, utafanya nini?"

Akisema "hakutakuwa na hasara," huyo hajui kazi, hata hiyo ya biashara. Akisema "tutaangalia hesabu," huyo ni Mackinnon, mshukuru umwache apite. Lakini akisema "nitawaita tukae chini, niwaonyeshe daftari, tuamue pamoja nani alipe zaidi ndio bondeni wasikose," hebu mpe kiti. Huyo ameelewa kwamba daftari ni letu.

Nilimuuliza Bosi swali hilo wiki mbili zilizopita, kwa mkutano, mbele ya watu. Sikutaka kumwaibisha, nilimuuliza kwa heshima, nikamwita mzee. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kijana, hiyo tutaongea pembeni."

Pembeni. Watu elfu moja na mia ngapi wanataka kukupea wodi, na jibu la swali lao liko pembeni.

Kuna mtu mmoja aliinua mkono nyuma baada yangu. Mama mmoja wa ile nyumba ya tatu ya bondeni. Yeye hakuuliza kuhusu siasa. Alisema wale wa nyumba kumi na moja wamekubaliana kuchanga wanunue vipande vya bomba wenyewe, wanachotaka ni wote wa juu waongeze bob mbili kwa mtungi kwa miezi sita, ndio pampu isipate hasara. Bob mbili. Watu wakaanza kunong'onezana, wengine wakikunja uso. Mwingine akasema sawa. Mwingine akasema tupige kura. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, pale pale kwa vumbi, na bob mbili ikapita kwa mikono minne tu.

Hiyo ndiyo serikali. Ina kelele, inachelewa, inashinda kwa mikono minne. Kampuni ingeamua kwa dakika tano, na bomba lingebaki limefungwa.

Bomba bado halijafunguliwa. Vipande viko kwa ploti ya shosho, vimefunikwa na gunia, tunangoja fundi. Jumamosi hii bado nitabeba mitungi. Lakini ukija Matasia ukaniona nimelowa mgongo, usinionee huruma. Nenda ukajiandikishe kura kwanza, halafu uje unishikie mmoja.

Mabeste zangu wawili, najua mmesoma hadi hapa. Jibuni.